Viwanja viwili, km 282: mbona ndege inachukua saa nzima?

Ukiandika mtandaoni "umbali kutoka uwanja wa ndege A hadi uwanja wa ndege B" unaletewa namba mpaka kichwa kinauma. Chukua viwanja viwili vya mikoani, hivi vidogo vyenye njia moja tu ya kurukia, tuviite A na B. Kikokotoo kimoja kinakwambia 282, cha pili 175, cha tatu 152, afu ramani ya kwenye simu inakuja na yake, 410. Ukija kwenye muda ndo usiseme, huku dakika 21, kule dakika 51, na tiketi uliyoshika imeandikwa saa 1 na dakika 5. Mtu anabaki kujiuliza nani muongo hapa. Hamna muongo hata mmoja. Kila namba ina kitu chake inachopima, shida ni kwamba wengi hawaandiki wamepima nini, na msomaji anaondoka na namba isiyo yake.

Tuanze na umbali manake ndo rahisi.

Ile 282 ni kilomita. Ile 175 ni maili za barabarani, zile za mita 1,609. Na 152 ni maili za baharini. Kwa hiyo namba tatu, umbali uleule mmoja. Maili ya baharini ni mita 1,852 kamili, ilikubaliwa kimataifa mwaka 1929, na haikutoka hewani tu: ukigawa digrii moja ya latitudo (kipimo cha umbali wa mahali kaskazini au kusini mwa ikweta) katika dakika 60, dakika za pembe siyo za saa, kila dakika juu ya uso wa dunia inakaribia sana urefu huo. Ndo maana mabaharia waliipenda na marubani wakairithi, manake unachukua bikari, unapima kwenye ramani, unailinganisha na alama za latitudo zilizo pembeni mwa ramani, umeshapata umbali bila hesabu ndefu. Sasa ukisoma mahali "maili 200" na hawajasema maili gani, inaweza kuwa km 322 au km 370. Karibu km 49 zimepotea kwa neno moja tu ambalo mtu hakuliandika.

Namba hizi zote tatu ni za mstari ulionyooka, ila kunyooka kwenyewe ni kunyooka juu ya mpira. Chukua tufe la dunia, shika uzi, uvute kati ya nukta mbili mpaka ukaze, pale uzi ulipopita ndo njia fupi kuliko zote, wataalamu wanaiita duara kuu. Kwa safari ndefu za kuvuka bahari njia hiyo ikichorwa kwenye ramani bapa inaonekana imepinda vibaya, watu wanadhani ndege inazunguka. Kwa km 282 usijisumbue, kupinda kwa dunia hapo hakuna unachoweza kukiona kwa macho. Na dunia si duara safi, kipenyo nusu chake kwenye ikweta ni km 6,378 na kwenye ncha ni km 6,357, kwa hiyo kikokotoo kinachotumia duara safi kinaweza kukosea mpaka kama nusu ya asilimia, ambayo kwa safari yetu ni kilomita moja na kitu. Ukiona huku 282 na kule 281 sababu ni hiyo, au ni kwamba wamepima kutoka sehemu tofauti. Kila uwanja una nukta rasmi ya kupimia, kwa kawaida karibu na katikati ya njia za kurukia, siyo mlangoni kwenye jengo la abiria kama wengi wanavyofikiri.

Makosa makubwa yanatoka kwingine kabisa. La kwanza ni la digrii, na hili nimelikuta mara nyingi kwa watu wanaojitengenezea hesabu wenyewe. Uwanja uko latitudo digrii 3 na dakika 25, mtu anaandika 3.25. Amekosea! Dakika 25 kati ya 60 ni 0.417, kwa hiyo ilitakiwa 3.417, na kwa kosa hilo dogo uwanja umehamishwa dakika 10 za latitudo, yaani km 18 na nusu, umeshautoa mjini umeupeleka porini. La pili ni la majina. Kuna San Jose ya California, msimbo wake SJC, na kuna San José ya Costa Rica, SJO. Kuna Sydney ya Australia, SYD, na ipo Sydney nyingine ndogo Kanada, YQY. Ukiandika jina la mji peke yake kikokotoo kinachagua kinachojua chenyewe, hivyo andika msimbo wa herufi tatu, utalala usingizi.

Ile 410 ni barabara. Milima, mito, ziwa, vijiji ambavyo barabara ililazimika kuvipitia, vyote vimo humo. Haina uhusiano na ndege ila ina uhusiano mkubwa na uamuzi wako, nitairudia.

Haya, muda. Na hapa ndo nataka tukae, kwa sababu watu wengi wanachukulia kwamba ukishajua umbali umejua muda, unagawa kwa spidi basi. Kwa gari linakaribia kuwa kweli. Kwa safari fupi ya ndege siyo kweli kabisa, umbali unabeba sehemu tu ya muda, na kadiri viwanja vinavyokaribiana ndivyo sehemu hiyo inavyozidi kuwa ndogo.

Ile dakika 21 imepatikana kwa kugawa km 282 kwa spidi ya 800 kwa saa. Ni hesabu sahihi ya kitu ambacho hakipo, manake hakuna ndege inayoanza na spidi 800 pale ilipoegeshwa na kuishia na 800 ikigonga mlango wa jengo. Ile 51 ni hesabu ileile wameongezea dakika 30 za kupaa na kushuka, vikokotoo vingi vinafanya hivyo, na kwa kweli si mbaya, inakusogeza karibu na ukweli. Ila bado haijui unapanda ndege gani wala upepo unatoka wapi.

Twende na ndege yenyewe dakika kwa dakika. Tuseme ni pangaboi, yaani ndege ya mapanga yanayozunguka mbele ya injini, aina ya ATR 72, hizi za abiria kama 70 ambazo utazikuta kwenye viwanja vidogo dunia nzima, spidi yake ikishatulia juu ni kama km 510 kwa saa. Saa ya mashirika inaanza kuhesabu pale kabari zinapotolewa kwenye magurudumu na ndege inaanza kusogea, na inaacha kuhesabu kabari zikirudishwa upande wa pili. Kabari hadi kabari, huo ndo muda ulioandikwa kwenye tiketi, siyo muda wa kuwa angani.

Basi kabari zimetolewa. Ndege inatambaa kwenda mwisho wa njia ya kurukia, inasubiri ruhusa, hapo dakika 8 zimeenda na bado mko ardhini, kilomita zilizopungua kwenye safari ni sifuri. Inaruka, inaanza kupanda kwenda futi 17,000, kupanda kunachukua kama dakika 15 na ndege inayopanda haina spidi yake kamili, kwa hiyo ndani ya muda huo imekula kama km 90. Sasa imetulia juu. Hapa ndo 510 inapatikana, na hapa ndo pa kusikitisha kidogo, manake kipande hiki ni kama dakika 14 tu halafu rubani anaanza kushuka. Ana kanuni yake ya kichwani, kila futi 1,000 za kushuka anahitaji maili 3 za baharini, kwa hiyo futi 17,000 ni maili 51, yaani km 94 kabla ya uwanja lazima awe ameshaanza. Kushuka dakika 14 nyingine. Kuzunguka kujipanga na njia ya kutua dakika 5, kutua, kutambaa mpaka kwenye maegesho dakika 4. Jumlisha: 60.

Angalia hiyo. Ndege yenye uwezo wa 510 imetumia saa nzima kwa km 282, wastani wake kutoka kabari hadi kabari ni 282 kwa saa, zaidi kidogo ya nusu ya uwezo. Na haikuchelewa popote, hakuna aliyezembea, hiyo ni safari iliyoenda vizuri.

Sasa fanya jaribio hili. Sogeza uwanja B uwe mbali mara mbili, km 564. Je muda unakuwa saa mbili? Hapana. Kutambaa ni kulekule, kupanda ni kulekule, kushuka na kujipanga ni kulekule, kilichoongezeka ni km 282 za kule juu ambako ndege ina spidi yote, dakika 33. Jumla dakika 93. Umbali umezidishwa mara mbili, muda umeongezeka kwa nusu na kidogo. Ndo maana huwezi kuchukua safari unayoijua, ukaona km fulani ni saa fulani, ukagawanya kupata safari nyingine. Ukikata umbali nusu, muda haukatiki nusu, kuna sehemu yake kubwa ambayo haiguswi na umbali.

Mfano wa mwisho kabisa wa jambo hili uko visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland. Shirika la Loganair linarusha ndege kati ya kisiwa cha Westray na Papa Westray, ndiyo safari ya ratiba iliyo fupi kuliko zote duniani, km 2.7. Ratiba inasema dakika 2, na upepo ukikaa vizuri imewahi kwenda kwa sekunde 53. Hapo hakuna kupanda kwa maana ya kupanda, ndege inanyanyuka, inavuka maji, inashuka. Ukigawa km 2.7 kwa dakika 2 unapata 81 kwa saa, spidi ya gari, kwa ndege ambayo ikiachiwa inakwenda mara tatu ya hapo. Umbali umebaki mdogo kiasi kwamba umekaribia kutoka kwenye hesabu.

Hapa kuna swali ambalo watu huliuliza kwa hasira, mbona wametupangia pangaboi wakati mahali fulani wanapeleka jeti? Jeti kama Boeing 737 ikitulia juu inakwenda kama 840 kwa saa. Kwenye karatasi, km 282 kwa 840 ni dakika 20, kwa 510 ni dakika 33, tofauti dakika 13. Kwa kweli hata hizo 13 huzipati zote. Jeti inapendelea futi 35,000 na kutoka huko kushuka peke yake kunataka maili 105, karibu km 195, kwa hiyo kwa safari yetu haifiki huko, inabidi ibaki chini ambako hewa ni nzito na inakula mafuta. Na chini ya futi 10,000 nchi nyingi zina kikomo cha spidi, maili 250 za baharini kwa saa yaani km 463, kwa hiyo jeti na pangaboi pale chini wanakwenda karibu sawa. Kutambaa ardhini nako injini haisaidii. Dakika chache utakazookoa zinalipiwa kwa mafuta mengi, mi nadhani shirika linaloweka pangaboi kwenye njia fupi linafanya jambo la akili na abiria hajadhulumiwa chochote.

Upepo. Huu ndo unaofanya kwenda kusifanane na kurudi na wengi wanaulizia mbona kwenda dakika 65 kurudi 55, umbali si ni uleule? Umbali wa ardhini ndiyo uleule, ila ndege haitembei ardhini, inaogelea kwenye hewa na hewa nayo inatembea. Mabaharia wa jahazi wanajua vizuri, upepo wa omo unakuja usoni unakurudisha, upepo wa tezi unakusukuma mgongoni. Weka upepo wa km 90 kwa saa kwenye ndege yetu ya 510. Usoni, spidi juu ya ardhi inabaki 420, km 282 zinachukua dakika 40. Mgongoni inakuwa 600, dakika 28. Bila upepo ingekuwa 33 kwa 33, jumla 66, na kwa upepo jumla ni zaidi ya 68. Umeona? Haviji vikalingana, upepo unakula zaidi ya unavyorudisha, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi kwenye ule upande unaokuumiza. Hata ukija wa ubavuni kabisa bado unapoteza kidogo, manake rubani inabidi aelekeze pua upande ili asisukumwe nje ya njia.

Kwa safari ndefu upepo unafanya maajabu. Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, ikisukumwa na upepo mkali wa juu uliokuja na dhoruba Ciara. Kilomita kama 5,540. Kuna wakati spidi yake juu ya ardhi ilizidi 1,300 kwa saa, ila ndani ya hewa yenyewe ndege ilikuwa inakwenda kawaida yake tu, hewa ndo ilikuwa na haraka.

Halafu njia. Kikokotoo kinachora mstari, ndege inafuata nukta. Angani kuna nukta zenye majina ya herufi tano yanayotamkika, rubani anapangiwa apite hii kisha ile, anakwepa maeneo ya jeshi, anakwepa milima, anakwepa wingu la radi. Ndo maana kwenye hesabu yangu ya juu ndege ilitembea zaidi ya km 20 juu ya zile 282. Anga ikifungwa inakuwa balaa kubwa zaidi: baada ya anga ya Urusi kufungwa kwa mashirika mengi ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Finnair ya Helsinki hadi Tokyo ilitoka saa 9 na nusu hivi ikafika kama saa 13. Uliza kikokotoo umbali wa Helsinki na Tokyo leo, kitakupa namba ileile ya zamani.

Kwenye viwanja vidogo kinachosumbua zaidi ni mwelekeo. Namba kubwa unazoziona mwanzo wa njia ya kurukia ni za dira, 09 ni digrii 90 yaani mashariki, na upande wa pili wa njia hiyohiyo wameandika 27, digrii 270, magharibi. Ndege inapenda kuruka na kutua ikiukabili upepo. Kama unakwenda mashariki na upepo unatoka magharibi, mnaruka kwa 27, mnaanza safari kwa kuupa mgongo mji mnakokwenda, mnapanda, mnageuza. Mkifika kule huenda ikabidi mpite juu ya uwanja mzunguke mshukie upande wa pili. Dakika kadhaa mwanzo, dakika kadhaa mwisho, kwa safari ya saa 9 hutazisikia, kwa safari ya dakika 48 za angani unazisikia sana. Na wakikwambia subirini angani, mzunguko mmoja wa kusubiri kwa kawaida ni dakika 4.

Sasa kwa nini tiketi ilisema 65 na mimi nimepata 60? Mashirika yanaongeza. Wanaangalia safari zilizopita, wanaweka muda ambao ndege nyingi zitauwahi, manake kuchelewa kunahesabiwa dhidi ya ratiba waliyoandika wao wenyewe. Marekani kwa mfano ndege ikifika ndani ya dakika 15 baada ya muda wa ratiba inahesabika imewahi. Kwa hiyo mkitua mapema msimpigie sana rubani makofi, nafasi ilikuwa imeshawekwa.

Mi mwenyewe niliwahi kuumia hapa. Nilikuwa na ndege ya kuunganisha, kikokotoo kikaniambia safari ya kwanza ni dakika 34, tiketi ikasema saa 1 na dakika 10, nikasema moyoni hawa wanajiongezea tu, nikajipangia safari ya pili kwa tiketi tofauti nikiamini zile 34. Tulitua kwa wakati kabisa, kwa ratiba yao. Geti langu lilikuwa limefungwa dakika 6 zilizopita, na ile tiketi ya pili haikumhusu mtu yeyote isipokuwa mimi. Tangu siku hiyo sichukui namba ya kikokotoo kupanga kuunganisha ndege, nachukua ratiba, tena naangalia siku kama kumi zilizopita ndege hiyohiyo ilifika saa ngapi kweli.

Na usisahau saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mahali kwa saa zake. Ukivuka mpaka wa saa unaweza kuondoka saa 10:00 ukafika saa 10:05, ukadhani umeruka dakika 5.

Nirudi kwenye ile 410 ya barabara. Kutoka mlangoni kwako hadi uwanja A tuseme dakika 45, kufika kabla ya safari saa 1 na nusu, kabari hadi kabari saa 1, kusubiri begi dakika 20, kutoka uwanja B mpaka unakokwenda dakika 40. Jumla saa 4 na dakika 15. Gari kwa wastani wa km 80 kwa saa kwenye 410 ni saa 5 na dakika 8. Ndege imeshinda, ila kwa dakika 53 tu, na ukiwa unakaa upande wa mji ulioelekea barabara kuu, au barabara ikiwa 330 badala ya 410, gari linaweza kufika kwanza. Watu wanalinganisha dakika 21 na saa 5, kumbe mashindano ni hayo mengine.

Ukitaka kuona haya yote kwa macho, fungua moja ya zile tovuti zinazoonesha ndege zikiwa angani, tafuta safari fupi iliyomalizika, angalia mstari ulioachwa. Katikati umenyooka kama rula. Sogeza picha karibu na uwanja wa kutua, utaona umejikunja kama ndoano, na ule mkunjo peke yake umekula dakika kadhaa.